Nyuzi Nyekundu za Kuku wa Mzazi

Maneno yale Fung-moi aliyasikia kwenye mfereji wa kufulia, asubuhi ya baridi, mikono yake ikiwa ndani ya maji, na tangu siku hiyo hayakumtoka kichwani. Aliyeyaleta ni Lan-moi, mwanamke ambaye ulimi wake hufua nguo nyingi kuliko mikono yake. Alisema chui wa mawe ameshuka tena kutoka milimani, na safari hii hafuati kuku wa mtu yeyote tu. Ananusa nyumba zenye mimba. Akishakula kuku waliofugwa kwa ajili ya mzazi, maziwa ya mzazi hukauka kabla mtoto hajalia mara ya pili. Yupo mwanamke wa bonde la pili ambaye yalimkuta, alisema. Walipomwuliza jina la mwanamke huyo, akajibu kuwa jina limempotea, lakini anayejua anajua.

Wengine walicheka wakaendelea kupiga nguo kwenye mawe. Fung-moi hakucheka. Alikamua shuka moja mara tatu, akarudi nyumbani nusu ya nguo zikiwa ndooni hazijafuliwa.

Wahenga walisema mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo. Maana yake, mtu akitega kwa hasira au kwa hofu, hana uwezo wa kuuambia mtego wake umkamate nani na umwache nani. Mtego hauna macho. Hadithi hii imeandikwa kwa ajili ya akina mama wenye kuku na wenye mabinti, kwa maana hakuna kiumbe anayetega haraka kama mama mwenye hofu.

Fung-moi alikuwa mjane mwenye michenza mteremkoni na mpunga bondeni. Aliishi na mama mkwe wake, bibi wa miaka themanini na mitatu ambaye kijiji kizima kilimwita Apho, na binti yake wa pekee, Sin-ping, aliyerudi nyumbani kujifungua kwa sababu mumewe alikuwa mbali baharini kwenye meli ya kuvua jodari. Mimba ilikuwa na miezi minane. Kabla ya hiyo, Sin-ping alikuwa ameharibikiwa na mimba nyingine ya miezi mitano. Daktari alisema si kosa la mtu. Lakini daktari hakuwa mama yake, na Fung-moi alijilaumu kimyakimya kwamba mtoto wake hakulishwa vya kutosha.

Alikuwa na sababu. Huku kwetu mwanamke akijifungua hukaa ndani mwezi mzima, hagusi maji baridi, na kila siku hula kuku aliyepikwa kwa tangawizi, mafuta ya ufuta na pombe ya mchele. Siku thelathini, kuku thelathini. Fung-moi alipomzaa Sin-ping alipata kuku wanne. Siku zilizobaki alikula majani ya viazi vitamu, na mpaka leo baridi ikiingia viungo vya vidole vyake humuuma kama vinavyotafunwa. Kwa hiyo siku ile alipopigiwa simu kwamba Sin-ping ana mimba tena, hakusema hongera. Alikata simu, akaenda kununua vifaranga.

Aliwalea kama anavyolelewa mtoto wa kwanza. Kila mmoja alipokomaa kidogo alimfunga uzi mwekundu mguuni, ili Apho asije akamchinja siku ya wageni. Jioni aliwahesabu kwa nyuzi zao. Thelathini. Hapo ndipo alipopata usingizi.

Banda lenyewe lilikuwa la fito za mianzi, limeegemea ukuta wa ghala, halina paa. Mzee Tet, jirani aliyekuwa rafiki wa marehemu mumewe, alikuja siku moja kuazima jembe, akasimama mbele ya banda hilo akatikisa kichwa.

"Shemeji," alisema, "hili si banda, ni meza. Umeshapakua, bado kumwita mgeni tu."

"Mgeni mwenyewe si rafiki yako?" alijibu Fung-moi. "Wewe uliyewatega ishirini ukauza ngozi zao, leo umekuwa wakili wa chui wa mawe?"

"Ndiyo maana namjua."

Kisha Tet akaeleza, huku akichora chini kwa mpini wa jembe. Chui wa mawe ni mdogo, hazidi paka wa nyumbani ila kwa urefu wa mkia. Chakula chake ni panya wa mashambani. Akikosa panya na akakuta kuku wako wazi, huchukua mmoja akaenda zake, kama mtu aliyetumwa dukani. Wa kuogopwa ni mbwa ambao watu wa mjini huwashusha kwenye magari na kuwatelekeza kando ya barabara. Wale huua kwa mchezo. Lakini banda likiwa na paa, likizungushiwa wavu wa matundu madogo, na wavu ukachimbiwa chini shubiri moja, si paka si mbwa atakayeingia. Wavu alikuwa nao nyumbani umekaa bure. Kama shemeji anataka, angekuja Jumapili.

Fung-moi alisema atafikiri. Lakini sikio lake lilikuwa limeshajaa maneno ya Lan-moi, na sikio lililojaa ni kama debe lililojaa. Unachomimina juu humwagika. Jumapili ikapita. Aliona aibu kumwita Tet baada ya kumkejeli, na paa likabaki hewa.

Ilikuwa tarehe kumi na tano ya mwezi wa kumi na mbili wa kalenda yetu. Kesho yake ilikuwa siku ya sadaka ya mwisho ya mwaka kwa Pakkung, mlinzi wa ardhi, ambaye kila shamba lina kijumba chake cha mawe. Fung-moi aliamka kulisha kuku akakuta manyoya yametapakaa uwanjani kama pamba ya mto uliopasuliwa. Kuku saba walikuwa wamelala huku na huku, shingo zimevunjika. Hakuna hata mmoja aliyeliwa. Fito tatu za banda zilikuwa zimesukumwa chini.

Mtu aliyemsikiliza Tet angetazama hizo fito na hao kuku wasioliwa, akajua. Fung-moi hakuona fito. Aliona maziwa ya binti yake yakikauka. Akakaa chini palepale katikati ya manyoya.

Alipoinuka alikuwa ameshakata shauri. Watano aliwapeleka jikoni, akawanyonyoa na kuwatia chumvi na machicha mekundu ya pombe ya mchele kwenye mtungi, maana nyama ya kuku aliyekufa alfajiri haitupwi. Nyuzi zao tano alizitungika kwenye msumari karibu na mlango. Wawili waliobaki aliwaficha ghalani. Humo kulikuwa na chupa ya dawa ya wadudu wa mpunga, ile yenye picha ya fuvu. Aliwafumbua midomo kuku wale wawili, akawanywesha dawa mpaka ikafurika kooni. Mchana, watu wakiwa wamelala, aliwaweka kwenye ukingo wa kichaka cha mianzi, mmoja kushoto na mwingine kulia, nyuzi nyekundu zikiwa bado miguuni.

Hakumwambia mtu. Apho angemkataza, na Sin-ping angeogopa.

Jioni Apho alisimama mbele ya msumari akahesabu kwa kidole. Bibi huyu aliwahi kuishi miaka ambayo mfupa mmoja ulichemshwa mara tatu, na tangu hapo hakuna kitu kilichoingia nyumba ile kikatoka bila yeye kujua.

"Kuku saba, nyuzi tano," alisema. "Wawili wako wapi?"

"Wamechukuliwa, mama."

"Mnyama aliyeshindwa kubeba watano amewezaje kubeba wawili?"

Fung-moi alisema hajui, akageuza uso kwenye jiko. Lilikuwa neno moja tu la uongo, dogo kama punje ya ufuta. Tazama lilipofika.

Kesho yake alitoka kabla jua halijachomoza. Alipitia mianzini kwanza. Kushoto hapakuwa na kitu, kulia hapakuwa na kitu. Wote wawili walikuwa wametoweka. Alisimama pale akahisi kifua kinafunguka kwa mara ya kwanza tangu siku ya mferejini. Akasema moyoni, amekula, amekwisha. Kisha akateremka moja kwa moja hadi barabarani, akapanda basi kwenda mjini kununua pombe ya mchele, tangawizi iliyokomaa na mafuta meusi ya ufuta ya mwezi wa uzazi.

Alirudi jua likiwa limepanda. Akiwa bado mlangoni alinusa tangawizi na kuku.

Sin-ping alikuwa ameketi mezani, tumbo limegusa ukingo wa meza, na mbele yake bakuli la supu linatoa mvuke. Alikuwa anasubiri. Alimwambia mama yake kwamba Apho ameamka na bahati. Alfajiri, kabla Fung-moi hajaamka, bibi alikwenda mwenyewe kutafuta, akampata kuku mmoja mianzini upande wa kulia, mzima, hajaliwa, baridi imemhifadhi vizuri kama aliyewekwa kwenye jokofu. Amemnyonyoa, amemchemsha mzima, na sasa amempeleka kwa Pakkung kwa ajili ya sadaka. Akirudi watamkatakata wamle. Supu hii amemwachia yeye, lakini asinywe mpaka ubani uishe kule, kwa maana mwenye ardhi huanza.

Fung-moi alitazama msumari. Nyuzi zilikuwa sita.

Vitu alivyobeba vilimwanguka. Chupa ya mafuta ikapasuka, na mafuta meusi yakatambaa sakafuni. Alilipiga bakuli lile likaruka hadi ukutani.

"Umekunywa?"

"Mama, una nini?"

"Sin-ping, umekunywa?"

"Sijanywa. Nimeonja chumvi tu. Ncha ya kijiko."

Fung-moi alimsukutua mdomo binti yake kwa maji, mara moja, mara ya pili, mara ya tano, huku akimweleza yote, na maneno yalimtoka yakiwa yamevunjikavunjika kama kauri. Sin-ping hakulia wala hakumlaumu. Aliweka mikono miwili juu ya tumbo, akauliza swali moja tu, kama Apho naye ameonja. Hapo mama akakumbuka kwamba kuna roho ya tatu. Akampigia simu Tet alete gari lake la mizigo pale njia ya chini inapokutana na barabara, kisha akamshika Sin-ping mkono wakaanza kuteremka. Njia hiyo hupita mbele ya kijumba cha Pakkung.

Kijumba chenyewe ni kidogo, mtu mzima akiinama anagusa paa lake. Chini ya meza ya sadaka kuna tundu, na ndani ya tundu hukaa chui milia wa jiwe, si mkubwa kuliko boga, ambaye ni kipando cha Pakkung na mtumishi wake. Watoto wa kwetu hufundishwa kwamba chui haumi mtu wala mnyama mpaka Pakkung amtie alama.

Walimkuta Apho amepiga magoti. Kuku alikuwa bado ndani ya kikapu, amefunikwa kitambaa. Ubani ulikuwa mkononi mwake, haujawashwa. Hakugeuka aliposikia miguu yao. Alinyoosha kidole tu kuelekea chini ya meza.

Ndani ya lile tundu, amejikunja akiwa amemzunguka chui wa jiwe kama paka anavyomzunguka mtoto wake, alilala chui wa mawe.

Fung-moi alikuwa ameishi miaka hamsini na mitano katika milima ile na hakuwahi kumwona kwa karibu. Walikuwa wakimtaja kila mwaka, wakimtukana, wakiwatishia watoto kwa jina lake, na kumbe hawakumjua. Manyoya yake yalikuwa na rangi ya nyasi za kiangazi, na juu yake madoa meusi, moja moja, kama mtu mwenye subira amechovya kidole kwenye wino akayahesabu. Mistari miwili myeupe ilipanda kutoka machoni hadi utosini. Nyuma ya kila sikio jeusi palikuwa na doa moja jeupe, mfano wa jicho ambalo halifumbwi. Mguu wake ungeenea kwenye kiganja cha mtoto. Kitu kizuri namna ile kilikuwa kimepita mashambani mwao kila siku, kikila panya wao, bila kuomba hata shukrani. Wanawake watatu walimtazama. Upepo kwenye mianzi ulikuwa kama umeshusha sauti.

Hakuwa anapumua. Povu lilikuwa limekauka mdomoni, na katikati ya meno yake kulikuwa na uzi mwekundu.

Sin-ping ndiye aliyeona jambo la mwisho. Aliinama kwa shida, akiwa ameshika kiuno, akasema taratibu, "Mama, tazama chuchu zake. Ananyonyesha."

Apho akauliza bila kugeuka, "Chui haumi asiyetiwa alama. Huyu nani alimtia alama?"

"Mimi," alisema Fung-moi. "Na huyo wa kikapuni ni wangu vilevile. Usimguse, mama. Ana sumu."

Apho alikitazama kikapu, akamtazama mjukuu wake na tumbo lake, akaelewa. Yeye mwenyewe hakuwa ameonja kitu, kwa maana mwenye ardhi huanza. Kama asingemkuta mnyama yule tunduni, ubani ungewashwa, ungeisha, na yeye angeshapanda kilima kurudi nyumbani na kuku wake. Hakumkemea mkwe wake hata neno moja, na Fung-moi alisema baadaye kwamba afadhali angepigwa.

Tet, aliyepanda njia kuwafuata, aliwakuta hapo. Alivua kofia. Alimtazama chui wa mawe kwa muda ambao mtu huvuta pumzi tatu, kisha akasema mgonjwa kwanza, akawateremsha hadi garini.

Hospitalini walimpokea Sin-ping, wakampima, wakamlaza hadi jioni. Fung-moi alikaa kwenye kiti cha plastiki. Alikuwa ameahidi kila kitu alichonacho kwa kila mungu anayemfahamu wakati muuguzi alipomwita ndani. Muuguzi alimwekea Sin-ping chombo kidogo tumboni, na chumba kikajaa sauti ya moyo wa mtoto, mbio mbio, kama mbio za farasi mdogo anayekuja kutoka mbali na hana habari kwamba amenusurika. Fung-moi aliweka kiganja ukutani. Alifikiria sauti hiyohiyo, mahali fulani kwenye mianzi, ndani ya vifua vidogo vinavyomngoja mama asiyerudi.

Alimwambia Tet kwamba mnyama yule alikuwa ananyonyesha. Kesho yake asubuhi Tet aliwaita watu wanaolinda wanyama, na Fung-moi aliwaeleza yote tangu mferejini mpaka chupa, hakuficha. Alipewa adhabu yake akaitumikia. Lakini kwanza walitafuta. Tet, ambaye macho yake ya utegaji hayakuzeeka, aliwakuta watoto wawili wa chui wa mawe kwenye rundo la mawe juu ya michenza, wamekumbatiana, wamedhoofu. Walichukuliwa wakatunzwe.

Siku ya tatu, mchana kweupe, Fung-moi alisikia kelele bandani. Alitoka akaona mbwa watatu, mmoja bado amevaa ukanda wa shingoni, wameangusha fito na wanamrusha kuku juu kama mpira. Hawakuwa na njaa. Alipowapigia kelele walitikisa mikia. Aliwafukuza kwa ufagio, kisha akakaa chini palepale alipokaa siku ile ya kwanza. Watu wa manispaa walikuja wakawachukua mbwa wale. Jumapili Tet alileta wavu wake, na safari hii hapakuwa na kejeli, isipokuwa pale Apho alipomwambia kwamba wavu wake una kutu kuliko yeye.

Wale kuku watano wa mtungini hawakuwa na sumu, lakini hakuna aliyekuwa na moyo wa kuwala. Apho, ambaye hakuwahi kutupa kitu maishani mwake, aliwachimbia shimo kwa mkono wake.

Sin-ping alijifungua baada ya mwaka mpya, mtoto wa kike. Kuku wa nyuzi nyekundu walikuwa wamebaki ishirini na wawili, basi majirani wakajazia. Tet alileta mmoja. Lan-moi alileta wawili, akaapa kwamba jina la yule mwanamke wa bonde la pili lingemjia tu. Na maziwa yalitoka. Yalitoka mengi hata yakalowesha nguo, na kila Fung-moi alipomwona mtoto ananyonya alitoka nje kidogo, akasimama akitazama mlima.

Miezi minane ilipita. Watoto wale wawili walikuwa wamekua, wamefundishwa kukamata panya na kuogopa watu, na siku ya kuwaachia Fung-moi aliitwa. Alikwenda alfajiri, mjukuu akiwa mgongoni. Njia nzima alikuwa akipanga maneno ya kuomba radhi. Aliyakariri kama mtoto anayekwenda mtihani.

Mlango wa sanduku ulifunguliwa. Wa kwanza alitoka kama maji. Wa pili alichungulia, jua likamwangukia, na madoa yale yote yakawaka mara moja. Alipita umbali wa hatua nne kutoka kwenye miguu ya Fung-moi. Hakumtazama. Hakuwa na deni la kumtazama. Mtoto mgongoni akapiga chafya, nyasi zikatikisika kidogo, zikatulia, na mlima ukawa mlima tu, isipokuwa kila aliyekuwa pale alijua sasa kwamba una mwenyewe. Maneno ya Fung-moi yalibaki mdomoni. Mpaka leo yako hapo.

Mama mwenzangu, usifanye haya:

Usiamini habari isiyo na jina la mtu.

Usilaze kuku kwenye banda lisilo na paa, hata usiku mmoja.

Usisubiri Jumapili ipite kwa sababu ya aibu.

Usihukumu kabla hujatazama. Kuku wengi waliouawa wasiliwe si kazi ya paka.

Usitie sumu katika kitu kinachofanana na chakula. Wala usitege kitanzi usichokaa kukilinda.

Usiwafiche wa nyumbani kwako ulichokiweka shambani. Hasa bibi anayehesabu.

Usimtelekeze mbwa wako barabarani.

Na ukishikwa na hofu kwa ajili ya mwanao, usishike chupa. Shika nyundo na misumari, ujenge. Maana mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo.